Kiwanja Kimeleta Shida? Dalili, Sababu na Pa Kuanzia kwa Anayeanza Kuwekeza Kwenye Ardhi na Nyumba

Shida za watu wanaoanza kuwekeza kwenye viwanja na nyumba hapa Tanzania ukizisikiliza unakuta ni zilezile, anabadilika mtu na mtaa tu. Huyu kalipia kiwanja Chanika akakuta mwenzake ashamwaga mawe, yule anasubiri hati mwaka wa nne, mwingine ana pagale limeota majani na hela imeisha, na mwingine nyumba anayo, wapangaji anao, ila mwisho wa mwaka haoni chochote mfukoni. Nimezipanga hapa kwa dalili, yaani kile unachokiona au unachoambiwa, na chini ya kila dalili kuna sababu kuanzia inayotokea sana mpaka ya nadra. Anza na ukaguzi usio na gharama ndo uende kwenye mambo mazito. Naongelea Tanzania bara, Zanzibar wana sheria yao ya ardhi na Kenya wana ya kwao.

Kitu kimoja kwanza maana karibu kila dalili itaturudisha hapa. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya mtu ya kuimiliki na kuitumia. Kama anayekuuzia hana hiyo haki, hata umlipe mara mbili ya bei hamna kitu kilichohamia kwako, kwahiyo kabla hujakagua kiwanja mkague muuzaji.

Dalili ya 1: "Nimeshalipa, ametokea mtu mwingine anasema kiwanja ni chake"

Hii ndo inaongoza na ndo inayoliza watu wazima.

Sababu inayotokea sana ni muuzaji kuuza mara mbili. Kauza kwa mkataba wa karatasi uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mnunuzi wa kwanza akaenda zake, hakufyeka, hakuweka hata nguzo, miaka mitatu baadae bei imepanda na muuzaji akauza tena. Wengi wanaamini muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ndo umiliki. Mwenyekiti pale ni shahidi tu wa kwamba mlikaa mkauziana, hana mamlaka ya kumpa mtu ardhi na hana daftari linalozuia kiwanja kuuzwa mara ya pili.

Sababu ya pili, muuzaji sio mmiliki kabisa. Ni dalali, au mlinzi wa shamba, au mpwa wa mwenye shamba aliyeachiwa alime mihogo. Ya tatu ni kiwanja kimoja kutolewa kwa watu wawili na mamlaka yenyewe, kila mmoja ana barua ya toleo, ile barua ya kugawiwa kiwanja (offer), na zote zimetoka ofisi halali, haya yapo na kesi zake zipo. Ya nne na ni ya nadra zaidi, hati yenyewe imeghushiwa.

Ukaguzi wa kwanza kabla hujatoa hata mia: nenda saiti bila dalali. Nenda siku ya kazi, nenda tena jumapili mchana, ongea na majirani wa pande zote nne, waulize shamba hili la nani, alilipata lini, kuna mtu mwingine ashawahi kuja kupima hapa. Mama anayeuza maandazi kwenye kona anajua mengi kuliko mkataba. Jirani akisita kujibu au akikwambia "mwenyewe yuko Mwanza" wakati muuzaji amesimama mbele yako, ondoka.

Ukaguzi wa pili, kama eneo limepimwa: omba kopi ya hati au barua ya toleo pamoja na namba ya kiwanja na kitalu, afu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya Msajili wa Hati ya mkoa ufanye upekuzi rasmi, ile watu wanaita sechi. Unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanja, na majibu yanakuja kwa maandishi: nani mmiliki aliyesajiliwa, kuna mkopo wa benki juu yake, kuna zuio, kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani. Upekuzi fanya mwenyewe au kwa wakili wako, usipokee majibu ambayo dalali "kashakufanyia".

Ukaguzi wa tatu: jina kwenye hati, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki unayolipia yawe ya mtu mmoja. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya mdogo wangu" simamisha malipo hapohapo.

Kama ushalipa na shida ishatokea, usiendelee kujenga ukidhani ukipandisha ukuta ndo unajihakikishia, unaongeza hasara. Kwa ardhi yenye hati, mauziano ambayo hayajasajiliwa kwa Msajili hayahamishi umiliki, kwahiyo kama jina bado ni la muuzaji kimbilia kwa wakili aweke zuio kwenye rejesta ili asiuze kwa mtu wa tatu. Kama kuna kughushi, polisi wanahusika pia maana hilo ni kosa la jinai.

SIMAMA HAPA kama mwenye madai mengine ana hati au amri ya mahakama, au vijana wameletwa na mapanga kulinda eneo. Usibishane saiti. Watu wanaumia na wanakufa kwenye migogoro hii, kiwanja kinatafutwa tena ila uhai haurudi.

Dalili ya 2: "Wametokea watoto wa marehemu" au "mke wake anasema hakujua"

Nimeitenganisha na ya kwanza kwa sababu hapa muuzaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, hana nia ya kutapeli, na bado ukapoteza.

Shamba la marehemu baba huwa linauzwa na kaka mkubwa kwa sababu ndo anayeishi hapo. Kisheria kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza mali ya mirathi kwa sababu ni mkubwa, anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya usimamizi wa mirathi, isome, angalia namba ya shauri, nenda mahakama iliyoitoa ukaulize kama ni ya kweli na kama shauri halijafungwa. Afu hata kama barua ipo, waombe warithi wote wakubwa wasaini kuridhia mauzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, kile kikao ni hatua ya kwenda mahakamani.

Upande wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwahiyo omba ridhaa ya maandishi ya mke au mume. Muuzaji akisema hajaoa, aape kiapo mbele ya wakili kwamba hana mwenza, na we bado ulizia kwa majirani maana wao ndo wanajua nani analala humo ndani. Kama ana mke zaidi ya mmoja, muulize wakili wako nani na nani wasaini.

Kwenye ardhi ya kijiji kuna tabaka la ziada, uuzaji unatakiwa upitie halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti au mtendaji kusaini peke yake chini ya mwembe haitoshi. Omba muhtasari wa kikao chenye majina na saini za wajumbe. Na kama unataka eka nyingi, jua kwamba mgeni wa kijiji kupewa ardhi ni suala la kikao, halitegemei urafiki wako na mwenyekiti.

Dalili ya 3: "Nimemaliza kulipa kwa awamu, hati haitoki"

Viwanja vya mkopo vimewasaidia watu wengi wa kipato cha kawaida, hilo nalisema wazi, mtu wa mshahara wa laki sita asingepata kiwanja Mkuranga au Kisarawe kwa njia nyingine. Ila malalamiko ni mengi na chanzo kikubwa ni hiki: kampuni inaanza kuuza kabla haijamaliza kumlipa mwenye shamba. Inatumia rejesho lenu kulipia shamba, nyie mkichelewa au wateja wakipungua, mwenye shamba anarudi kulichukua. Hapo hata muwe na risiti za rangi zote hamna hati itakayotoka.

Kinachofuata kwa kutokea ni mchoro wa mipango miji kutopitishwa au ramani ya upimaji kutosajiliwa. Mnaoneshwa bikoni, vile vigingi vya mipaka, chini mnafurahi, kumbe zile ni za awali tu. Mara nyingine kila kitu kiko sawa ila mteja mwenyewe hajalipia gharama za umilikishaji, alidhani ziko ndani ya bei. Na kuna wachache ambao eneo lao limekuja kugundulika liko ndani ya hifadhi au limetwaliwa kwa mradi wa umma.

Unachoweza kufanya leo bila gharama: chukua mkataba wako usome tena mstari kwa mstari, unasema hati itatolewa na nani, ndani ya muda gani, kwa gharama ya nani, na wakishindwa inakuwaje. Afu omba vitu viwili kwa maandishi, namba ya mchoro wa mipango miji uliopitishwa na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Ukipewa namba, zipeleke ofisi ya ardhi ya wilaya wakuangalizie. Ukipewa maneno matamu na "mfumo uko chini" wiki baada ya wiki, jibu ushalipata.

Watafute wanunuzi wenzako. Watu kumi wenye mikataba inayofanana wakienda kwa wakili mmoja gharama inagawanyika na kampuni inasikia haraka kuliko mtu mmoja anayepiga simu. Wizara ya Ardhi huwa inaendesha kliniki za ardhi mikoani ambapo maafisa wa mipango miji, upimaji na usajili wanakaa sehemu moja, ukisikia imefika kwenu beba faili lako uende.

SIMAMA na usiendelee kulipa awamu bila ushauri wa wakili kama umegundua mwenye shamba wa asili hajalipwa. Usiache kulipa kimyakimya pia, mikataba mingi ina kipengele cha kukunyang'anya ukichelewesha. Barua ya wakili itangulie.

Dalili ya 4: "Nyumba imechorwa X"

X nyekundu ukutani ni alama kwamba nyumba inatakiwa kubomolewa, na mkazi wa Dar akiiona anakumbuka. Desemba 2015 zilibomolewa nyumba za bonde la Msimbazi na Mkwajuni Kinondoni, na 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha, ambako hifadhi ya barabara iliyodaiwa, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, ilikuwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Walikuwemo watu waliojenga kwa jasho la miaka ishirini, wenye umeme na maji ya serikali ndani. Kuunganishiwa umeme hakuthibitishi kwamba uko eneo halali, na hili nawaomba sana wanaoanza walishike.

Mara nyingi chanzo ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 kufika mita 30 kila upande, na baadhi ya barabara zina zaidi ya hapo kwa matangazo maalumu kama tulivyoona Morogoro Road. Ikifuatiwa na mito, mabonde na fukwe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Zikifuata njia za umeme mkubwa, reli na bomba. Na mwisho kabisa kutwaliwa kwa mradi wa umma, ambapo mwenye haki halali anatakiwa kulipwa fidia.

Ukaguzi ni futi kamba. Simama katikati ya barabara upime. Nenda masika, kati ya Machi na Mei, uangalie maji yanapita wapi, maana kiwanja kizuri cha Agosti kinaweza kuwa mto mwezi wa nne. Angalia alama za ukutani kwa majirani, angalia vigingi vya TANROADS. Afu ofisi ya mipango miji ya halmashauri ikuoneshe kwenye mchoro eneo limetengwa kwa matumizi gani, kuna watu wamenunua kiwanja kizuri tambarare kumbe kwenye mchoro ni shule au makaburi.

Ukishachorwa X na una hati au kibali halali cha ujenzi, usipige rangi juu yake. Piga picha, kusanya nyaraka, mtafute mthamini aliyesajiliwa na wakili siku hiyohiyo, kwa sababu notisi zina siku chache.

Dalili ya 5: "Kiwanja kimepungua"

Uliambiwa 20 kwa 20 ukapima ukapata 18 kwa 17. Karibu kila mara ni kwa sababu mlipimiana kwa hatua, na hatua ya dalali mrefu siku ya kukuonesha haifanani na hatua ya siku ya kukukabidhi. Au jirani kasogeza kigingi. Pima kwa futi kamba kabla ya kulipa, andika kwenye mkataba mita za mraba na majina ya majirani wa pande nne, wote wasaini. Kama eneo limepimwa kitaalamu mwite mpima ardhi aliyesajiliwa afufue bikoni, usizitafute kwa kuchimba mwenyewe na usiing'oe ya mtu.

Dalili ya 6: "Pagale limesimama, hela imeisha"

Tembea Kivule, Goba, Bunju, popote, hesabu maboma yasiyo na bati. Kila boma ni milioni za mtu zimelala kwenye mvua. Watu wanasema "fundi kanila" na wakati mwingine ni kweli, ila kwa kutokea fundi hayuko namba moja.

Namba moja ni kujenga bila makadirio. Mtu anamuuliza fundi "nyumba ya vyumba vitatu inakula ngapi", fundi anataja kiasi cha kufika kwenye linta maana ndo sehemu yake, na mwenye nyumba anadhani ni ya kuhamia. Kupaua, madirisha, milango, umeme, maji, plasta, vigae, shimo la choo, uzio, hivyo ndo vinameza hela na havikutajwa. Ukuta unapanda haraka unakupa moyo, afu kinachofuata hakionekani ila kinagharimu kuliko ukuta. Kabla hujachimba msingi mlipe mkadiriaji majenzi akuandikie makadirio ya vifaa na ufundi mpaka siku ya kuingia mpangaji, afu ongeza angalau asilimia 15 juu yake kwa bei zitakazopanda.

Namba mbili ni mkopo usioendana na kitu chenyewe. Unakopa mkopo wa mshahara wa miaka mitano kujengea nyumba ambayo itaanza kulipa mwaka wa tatu. Mikopo ya nyumba ya benki imekuwa ikienda kwenye riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka, na mikopo midogo ya haraka riba yake ni kali zaidi. Boma haliingizi kodi ya mpangaji, ila rejesho linakatwa kila mwezi.

Namba tatu ndo wizi wa vifaa na ufundi mbovu. Saruji inatoka mifuko 50 inafika 44, tofali zinafyatuliwa chini ya kiwango. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa tofali za inchi 6 watu wazoefu wanatoa kama 30 hadi 35, ukisikia mtu anatoa 50 ujue anakuuzia mchanga. Jaribio rahisi, okota tofali lililokauka vizuri ulidondoshe usawa wa kiuno, likisambaratika kama biskuti usijengee. Hesabu mifuko ikishuka kwenye gari, hesabu na mifuko mitupu jioni. Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika, msingi, boma, linta, kupaua, kila hatua na karatasi yake iliyosainiwa, na usimlipe kwa sababu mtoto wake anaumwa. Unaweza kumsaidia kama mtu, andika pembeni kwamba ni msaada.

Kwa ndugu zetu walioko nje, Oman, Uingereza, Marekani: dalili yenu kuu ni picha zinazofanana kila mwezi. Kumtumia hela kaka au shemeji kumevunja undugu mwingi, na mara nyingi hakukuwa na nia mbaya mwanzoni, aliazima kidogo kwa shida ya nyumbani ikawa tabia. Lipeni duka la vifaa moja kwa moja, na muwe na mtu wa pili asiye ndugu wa kwenda kukagua saiti. Na kama ushachukua uraia wa nchi nyingine, simama kabla ya kununua umuone wakili, kwa sababu asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kwa njia za kawaida.

Kama ushakwama, usiendelee kuongeza vyumba. Punguza. Chagua upande mmoja wa jengo unaoweza kukamilika, chumba na sebule yenye choo chake, maliza huo, pangisha, huo usogeze mwingine. Kama ramani haigawanyiki hivyo, funika angalau kuta juu ya linta zisinyonye maji, na nondo zilizochungulia zipakwe au zifungwe zisile kutu.

SIMAMA kabisa na muite mhandisi kama ukuta una ufa unaopitisha kidole, au ufa wa ngazi unaofuata mistari ya tofali na unazidi kila mvua, au jamvi la ghorofa limebonyea. Kupiga plasta juu ya ufa wa namba hiyo ni kuficha ajali. Udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka unahitaji msingi wake, na fundi wa mtaani hata awe hodari hana vipimo vya kukwambia hilo. Na ghorofa usianze bila mhandisi na kibali cha ujenzi, hata iwe moja.

Dalili ya 7: "Nyumba imeisha, mpangaji hamna" au "mpangaji halipi"

Kama haina mtu miezi mitatu, angalia kodi kwanza. Tembea mtaa huohuo ujifanye unatafuta nyumba, uliza bei za nyumba kama yako, utajua ndani ya asubuhi moja kama uko juu. Afu maji: nyumba isiyo na maji ya uhakika au tenki inakimbiwa. Afu masharti, kudai kodi ya mwaka mzima kwa vyumba ambavyo wapangaji wake ni bodaboda na wauza duka ni kuwafukuza, miezi mitatu inajaza haraka. Afu LUKU ya kushea, hiyo imezalisha ugomvi kwenye nyumba nyingi, kila mpangaji awe na mita yake au angalau mita ndogo.

Mpangaji asiyelipa mara nyingi aliingia bila mkataba wa maandishi, au mlikuwa mnapeana hela mkononi bila risiti kwahiyo hamna anayejua deni ni la mwezi gani. Anza kwa mazungumzo na barua ya deni, afu notisi ya maandishi kama mkataba unavyosema. Usitoe mlango, usiezue bati, usikate maji wala umeme, usitupe vyombo vyake nje. Ukifanya hivyo kesi inageuka, yeye ndo anakuwa mlalamikaji na we ndo unalipa.

Dalili ya 8: "Kodi inaingia ila pesa siioni"

Hapa hamna tapeli, ni hesabu. Chukua mfano huu, vyumba sita vyenye choo ndani, kila kimoja 120,000 kwa mwezi, inaonekana milioni 8.64 kwa mwaka. Kiwanja na ujenzi vilikula milioni 85. Toa mwezi mmoja kila chumba kukaa tupu, inabaki 7.92. Toa kodi ya TRA ya asilimia 10 kwenye pango unalokusanya, inabaki kama 7.13. Toa laki saba za matengenezo, rangi, vitasa, kunyonya choo, inabaki 6.43. Hiyo ni kama asilimia 7.6 ya ulichoweka, kabla ya pango la ardhi, dalali na muda wako. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 bila kuzibua choo. Sisemi usijenge, ardhi nayo inapanda thamani na nyumba ni ya kurithisha watoto, nasema ifanye hii hesabu kabla ya msingi maana ukiifanya baada ya bati unaumia tu.

Cheki pia makato ya kodi ya majengo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kama jengo moja lina mita sita na zote zinakatwa, nenda TRA urekebishiwe ibaki moja, na kama anayekatwa ni mpangaji mrudishie kwenye kodi yake, ni deni lako.

Dalili ya 9: "Nataka kuuza, hakiuziki"

Mara nyingi ulinunua kwa tetesi. Daraja linakuja, bandari inakuja, chuo kinakuja. Kigamboni ilitangazwa kuwa mji mpya mwaka 2008, watu wakakaa miaka bila kujua kama wajenge au waondoke, mpango ule haukutimia kama ulivyotangazwa, na waliokopa kununua kwa bei ya tetesi walibeba riba muda wote huo. Kama huna hati, anza kuitafuta kabla ya kushusha bei, kiwanja chenye hati kina wanunuzi wa mkopo wa benki, kisicho na hati kina wanunuzi wa fedha mkononi tu. Kama hati ipo, angalia njia ya gari inafika kweli au inapita shamba la mtu. Na ukipata mteja, kumbuka kuna kodi ya faida ya kuuza mali (sio VAT), asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na ushuru wa stempu asilimia 1, kwahiyo tunza risiti za manunuzi na ujenzi tangu siku ya kwanza, bila hizo utashindwa kuonesha gharama zako.

Ukifika kwenye mgogoro, njia ni hii

Anza Baraza la Ardhi la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu, na wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 unasonga mbele. Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa mali isiyozidi milioni 300, juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, kwahiyo usikae na mkataba kwenye sanduku ukisubiri mtu akuonee huruma. Wakili mhakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hela, kuna vishoka wenye mihuri. Kama huna uwezo wa kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bure, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako wakuelekeze. Nenda na nakala, original zibaki nyumbani, na kila karatasi unayokabidhi sainisha nakala yako kwamba imepokelewa, na tarehe.